Spotilaiti za volti 12 na transfoma zake: kwa nini hukataa kupatana

Ukiingia maduka ya stima ya Luthuli Avenue au River Road jijini Nairobi na kuomba transfoma ya spotilaiti, kile kifaa cha kuushusha umeme wa nyumbani hadi volti 12, muuzaji atakuuliza, "Boss, ya wati ngapi?" Ni swali la haki, ila peke yake halitoshi. Wengi hujibu kwa kutaja namba kubwa kuliko wanayohitaji, wakiamini kwamba transfoma yenye nguvu haiwezi kushindwa na taa ndogo. Fundi anaifunga darini, swichi inabonyezwa, na taa zinapepesa. Balbu zinarudishwa dukani, zinaletwa nyingine, nazo zinapepesa vilevile. Mwishowe lawama inaiangukia LED: hizi taa za siku hizi ni feki. Huenda ni feki kweli. Lakini mara nyingi sana balbu ni nzima, transfoma nayo ni nzima, ila haikufaa kuzifunga pamoja.

Transfoma huchaguliwa baada ya taa, tena kwa hesabu ya taa zile zile zitakazofungwa. Ina kikomo cha juu ambacho kila mtu anakijua, na aina nyingi zina kikomo cha chini pia, ambacho watu huja kukijua taa zikishaanza kusumbua. Nyumba nyingi za Nairobi zilizofungwa halojeni, zile balbu za uzi wa moto, na sasa zinahamia LED zinakumbwa na hicho cha chini.

Kwanza, kwa nini volti 12

Umeme wa Kenya Power unafika nyumbani ukiwa wa volti 240, AC, yaani umeme unaobadili mwelekeo huku na huku, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa nini basi mtu ajisumbue kuushusha hadi 12? Spotilaiti hizi za halojeni zilianzia kwenye projekta za slaidi, ambako ulihitajika mwanga mkali unaotoka mahali padogo sana. Volti zikiwa chache, uzi wa ndani ya balbu unaweza kuwa mfupi na mnene. Uzi mfupi hukaa barabara katikati ya kioo cha kuakisi, na mwale unatoka ukiwa umekusanyika, wenye kingo safi. Ndiyo maana picha ya ukutani hupendeza chini ya spotilaiti ya volti 12 kuliko chini ya balbu ya kawaida. Uzi mnene pia huvumilia mtikisiko.

Balbu yenyewe huitwa MR16. Hiyo 16 ni kipenyo chake kwa kipimo cha thumuni za inchi, yaani inchi 2, karibu milimita 50. Miguu yake ni pini mbili nyembamba zilizoachana milimita 5.3, ndiyo sababu kitako chake huandikwa GU5.3. Ipo nyingine, GU10, ambayo ukiitazama kwa mbele huwezi kuitofautisha nayo, lakini nyuma ina vijiguu viwili vinene vilivyoachana milimita 10, vya kusukuma na kuzungusha. GU10 inatumia volti 240 moja kwa moja bila transfoma yoyote. Kwa hiyo kabla ya kutoka kwenda dukani, zima swichi kuu, subiri balbu ipoe, ichomoe moja utazame miguu yake. Ukikuta pini nyembamba, basi kuna transfoma mahali fulani juu ya dari, hata kama hujawahi kuiona tangu uhamie.

Transfoma za aina mbili, tabia mbili

Ya zamani ni koili mbili za waya wa shaba zilizozungushiwa kiini cha chuma. Ni nzito, hunguruma kwa chini, na hupata joto. Koili moja ina duru za waya mara 20 ya nyingine, basi 240 inatoka ikiwa 12. Hii haichagui mzigo: itawasha taa ya wati 5 na itawasha ya wati 50. Tabia yake ya kuangaliwa ni kwamba ikibeba mzigo mdogo kuliko ilivyopangiwa, volti zinapanda kupita 12. Kwa halojeni hilo ni hasara, kwa sababu volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu hupungua karibu nusu. Mtu aliyekuwa na taa tatu kwenye transfoma moja, mbili zikaungua naye akaacha, anashangaa kwa nini ya tatu nayo haikudumu. Ilikuwa inakula volti za wenzake.

Ya pili ni ya kielektroniki, nayo ndiyo utakayokuta kwenye nyumba nyingi zilizojengwa miaka hii ya karibuni. Ni kijisanduku chepesi cha plastiki, chembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la taa. Ndani yake, transista mbili hukatakata umeme hadi ufikie mizunguko maelfu mengi kwa sekunde, kwa kawaida kati ya 20,000 na 60,000, ndipo unapitishwa kwenye koili ndogo. Kasi hiyo ndiyo inayowezesha koili iwe ndogo na sanduku liwe jepesi.

Hapa ndipo chanzo cha kupepesa. Transista hizo hazina kitu kingine kinachoziendesha: hujiendesha kwa mkondo ule ule unaokwenda kwenye taa. Mkondo ukiwa mwingi wa kutosha, moja inaifungua nyingine na mchezo unaendelea. Ukiwa mdogo, mchezo unakatika. Isitoshe, umeme wa AC hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo transfoma hii huzima na kujiwasha upya mara 100 kwa sekunde, na kila mara inahitaji mzigo wa kuishikilia. Halojeni ilikuwa mzigo mtulivu, uzi wa moto unaovuta mkondo bila kuacha. Balbu ya LED ya volti 12 ina sakiti yake ndani: inabadilisha AC kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, inahifadhi umeme kidogo, kisha inavuta tena kwa mapigo mafupi. Transfoma inashika, inaachilia, inashika tena. Jicho lako linaona taa inapepesa.

Chukua sebule ya nyumba ya South C yenye spotilaiti tatu za halojeni za wati 50. Jumla ni wati 150, na aliyezifunga aliweka transfoma moja ya kielektroniki ya wati 50 hadi 150. Zilikuwa zinawaka vizuri. Mwenye nyumba, kwa sababu nzuri kabisa ya kupunguza tokeni, anaweka LED tatu za wati 5. Mzigo unashuka hadi wati 15, sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, na ni chini ya theluthi ya kiwango cha chini ambacho transfoma inataka. Hata angenunua transfoma ndogo zaidi, ile ya wati 20 hadi 60 inayouzwa kila mahali, bado wati 15 hazifiki 20. Sasa fikiria yule aliyenunua ya wati 200 ili "iwe na nguvu ya kutosha". Amejisogeza mbali zaidi na suluhisho.

Kusoma kibandiko

Kila kitu unachohitaji kimeandikwa pembeni ya kile kijisanduku kwa herufi ndogo, na inafaa kutumia tochi ya simu kuzisoma kabla ya kulipa. Kibandiko cha transfoma ya kielektroniki kwa kawaida huwa hivi: PRI 220–240V~ 50/60Hz, SEC 11.5V~, 20–60W, ta 40°C, tc 75°C.

PRI ni upande wa kuingiza na SEC ni upande wa kutoa. Kile kiwimbi kidogo baada ya V kinamaanisha AC. Ukikuta mstari ulionyooka wenye nukta chini yake, au herufi DC, hicho ni kitu kingine, nasi tutakifikia. Volti 11.5 badala ya 12 usiiogope, waundaji huiweka hivyo makusudi ili balbu idumu. Ile 20–60W ndiyo sentensi muhimu kuliko zote, na ni namba ya kwanza, 20, ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Ukikuta imeandikwa 60W peke yake bila namba ya chini, usidhani haina kikomo cha chini. Uliza, au chukua nyingine. Herufi ta ni joto la juu la mahali inapokaa, na tc ni joto la juu ambalo ganda lake linaruhusiwa kufikia. Juu ya dari iliyo chini ya mabati, saa nane mchana mwezi wa Februari, nyuzi 40 hazipo mbali.

Wakati mwingine badala ya W utakuta VA, yaani volti mara ampea. Kwa halojeni ni kitu kimoja. Kwa LED si kimoja, kwa sababu LED huvuta mkondo kwa vipande, na balbu ya wati 5 inaweza kuelemea transfoma kama VA 8 au zaidi. Kwa hiyo kwenye kikomo cha juu acha nafasi. Mimi hupendelea LED zisipite asilimia 80 ya kilichoandikwa.

Draiva ya LED

Suluhisho la kweli kwa yule wa South C ni kuiondoa transfoma ya kielektroniki na kuweka draiva ya LED ya volti 12 DC, kifaa cha kuzilisha LED umeme ulioshushwa na kunyooshwa. Nyingi hazina kikomo cha chini kinachosumbua, na zile nzuri hupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240 na bado hutoa 12 ile ile. Kwa Nairobi hilo lina faida ya pili. Transfoma za kawaida, za chuma na za kielektroniki, hutoa sehemu ya kile kinachoingia: umeme wa mtaa ukishuka hadi 200 saa moja jioni kila mtu anapopika, spotilaiti inapata 10 na mwanga wake unafifia. Draiva inarekebisha yenyewe, na taa haitikisiki.

Hakikisha tu kwamba balbu imeandikwa 12V AC/DC. MR16 nyingi za LED zinakubali zote mbili, ila zipo zinazotaka AC peke yake.

Kuna mtego mmoja ambao umeharibu taa nyingi za watu. Spotilaiti za LED zinazouzwa zikiwa kitu kimoja, balbu haitoki, huja na kijisanduku chao kinachofanana kabisa na draiva ya volti 12. Soma kibandiko: badala ya 12V utakuta kitu kama 300mA, kisha volti 18–36. Hicho kinashikilia mkondo na kuziacha volti zipande na kushuka zinavyotaka, wakati draiva ya volti 12 inashikilia volti na kuuacha mkondo. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Ukifunga taa ya 300mA kwenye draiva ya volti 12, pengine haitawaka kabisa. Ukifunga balbu ya volti 12 kwenye kile cha 300mA, utapoteza balbu. Na kile cha 300mA usiwahi kukiunganisha na taa huku umeme umewashwa, kwa maana kikiwa hakina taa volti zake hupanda hadi mwisho, nazo hutua zote kwenye LED mara tu waya inapogusa.

Umbali na unene wa waya

Watu huona 12 ni namba ndogo na kudhani kwamba nyaya nyembamba zinatosha. Ni kinyume. Nguvu ni volti mara mkondo, basi volti zikipungua mara 20, mkondo lazima uongezeke mara 20. Wati 150 kwa volti 240 ni ampea 0.63 tu. Wati 150 hizo hizo kwa volti 12 ni ampea 12.5, mkondo unaozidi ule wa birika la stima la wati 2400.

Tuseme fundi ameweka transfoma ya chuma kwenye kabati la koridoni na kuvuta waya wa milimita mraba 1.5, ule ule wa taa za kawaida, mita 10 hadi sebuleni. Waya huo una ukinzani wa karibu ohm 0.012 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 20, kama ohm 0.24. Zidisha kwa ampea 12.5: volti 3 zinaishia njiani. Taa zinapata 9. Na halojeni haipungui taratibu. Ikipata 11 badala ya 12 inapoteza karibu robo ya mwanga wake, na ikipata 9 inabaki na kama theluthi moja tu, tena wa rangi ya machungwa. Mwenye nyumba anaambiwa taa ni dhaifu, anaongeza wati, mkondo unaongezeka, na volti zinazopotea zinaongezeka pia.

Dawa ni kuisogeza transfoma karibu na taa na kuiacha ile safari ndefu ifanywe na waya wa volti 240. Kwa transfoma ya kielektroniki hili ni lazima, kwa sababu waya wake wa kutoa kwa kawaida hautakiwi kuzidi mita 2. Kwa ile kasi ya mizunguko, waya mrefu hupoteza volti kwa njia nyingine tena, na hugeuka antena inayokwaruza redio. LED kwa draiva ya DC zimepunguza shida hii sana. Zile wati 15 ni ampea 1.25, na kwenye waya ule ule wa mita 10 zinapoteza volti 0.3 tu.

Volti 12 haikupigi, lakini inaunguza

Hapa naomba usome polepole. Ni kweli kwamba volti 12 kutoka kwa transfoma iliyotenganisha koili zake sawasawa haikurushi ukiigusa. Lakini moto hausababishwi na volti peke yake. Chukua konekta iliyolegea kidogo, yenye ukinzani wa ohm 0.1 pale screw isipobana. Kwa ampea 0.63 za upande wa 240, joto linalozaliwa hapo ni wati 0.04, huwezi hata kulihisi. Kwa ampea 12.5 za upande wa 12, ni karibu wati 16, zote kwenye ncha ya screw, ndani ya plastiki, juu ya dari ya mbao. Na breka ya taa, ambayo mara nyingi ni ya ampea 6 au 10, haioni chochote, kwa sababu kwake yeye transfoma inavuta ampea 0.63 kama kawaida. Nyumba ikiwa bado ina halojeni, hizi konekta zinastahili kukaguliwa leo, na kila iliyogeuka kahawia itupwe.

Joto la balbu nalo lina mwelekeo wake. Kioo cha nyuma cha halojeni nyingi za MR16 kimetengenezwa kurudisha mwanga mbele na kupitisha sehemu kubwa ya joto nyuma, yaani juu, ndani ya dari. Transfoma iliyolazwa juu ya taa inachomwa kila jioni. Iweke pembeni, sentimita 30 hivi, isifunikwe na kitu chochote. LED hazichomi hivyo, ila zenyewe huteseka kwa joto, na zikifungwa kwenye tundu lisilopumua hufa mapema.

Kazi yoyote ya upande wa 240 mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na kwenye vifaa utafute alama ya KEBS, shirika la viwango. Alama haikuhakikishii kwamba transfoma inapatana na taa yako, lakini inapunguza uwezekano wa kununua ganda tupu.

Kama una dima ukutani, ile swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, mambo yanaongezeka. Dima za kawaida za zamani hukata mwanzo wa wimbi la umeme na zinaelewana na transfoma za chuma. Zile zinazokata mwisho wa wimbi ndizo za transfoma za kielektroniki. Dima nayo ina mzigo wake wa chini, kwa hiyo LED za wati 15 zinaweza kuipita transfoma salama na bado zikakwama kwenye dima. Usipoihitaji, weka swichi ya kawaida.

Ni lini uziache kabisa

Nyumba ikiwa bado inajengwa, Ruai au Kasarani, na mtu ananiuliza, sebuleni na vyumbani namwambia aweke GU10 za LED. Hakuna transfoma, hakuna hesabu ya chini na juu, na LED haina ule uzi uliofanya volti 12 iwe na maana. Volti 12 naitetea mahali pawili. Bafuni, juu ya bomba la mvua, transfoma ikiwa nje ya eneo la maji na taa ikiwa ya IP65, isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa. Na bustanini, ambako mvua za Machi hadi Mei huloanisha udongo na jembe la mtunza bustani hukata waya bila kukusudia. Hapo tofauti ya 12 na 240 ni tofauti ya uhai.

Kwa aliye na MR16 tayari na dari ya jipsamu ambayo hataki kuibomoa, draiva ya DC hupita kwenye tundu lile lile la taa, na transfoma ya zamani hutolewa hapo hapo. Inawezekana pia kugeuza kila tundu liwe la GU10, ila nyaya zilizokuwa zikibeba 12 sasa zitabeba 240, na huenda hazikufungwa kwa kazi hiyo: hazina waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, au viungo vyake viko wazi. Fundi akikuambia atabadilisha holda tu na kumaliza, mwambie akuonyeshe nyaya kwanza.

Kabla hujahukumu kwamba transfoma imekufa, jua pia kwamba mita ya kawaida ya fundi inaweza kudanganya. Ya kielektroniki isipokuwa na taa inaweza kusoma sifuri hata ikiwa nzima, kwa sababu haina mkondo wa kuiendesha. Ikiwa na taa, mita nyingi haziwezi kufuata mizunguko makumi ya maelfu kwa sekunde, hivyo huonyesha volti 4 au namba yoyote ile. Tumia halojeni ya wati 20 au 35 badala ya mita. Ichomeke kwenye tundu moja, uache LED kwenye mengine. Zikitulia zote, transfoma ni nzima na ilikuwa inalilia mzigo: agiza draiva, kisha uitoe ile halojeni. Halojeni ikipepesa au isipowaka, kagua konekta, na zikiwa zimebana, transfoma ndiyo ya kubadilishwa.